Lori la Manuali au Otomatiki: Mwongozo Kamili kwa Dereva Mpya

Dereva mpya akiuliza aanze na lori la manuali au la otomatiki, majibu anayopewa huwa ni ubishi wa kijiweni. Wakongwe wanasema asiyejua manuali si dereva. Vijana wanasema manuali ni adhabu ya goti la kushoto. Kila upande una ukweli wake, lakini hakuna unaomsaidia mtu anayepanda kwenye usukani kesho asubuhi.

Msimamo wangu ni huu: otomatiki inakuondolea kazi ya mguu, haikuondolei kazi ya kuamua gia. Kompyuta inajua injini inazunguka kwa kasi gani na inakadiria uzito unaouvuta. Haijui kwamba nyuma ya kona ile kuna mteremko mrefu, wala kwamba lori lililo mbele yako limeanza kuchoka mlimani. Zipo za kisasa zinazosoma ramani ya milima kwa GPS, na kwa kweli zinafanya vizuri, lakini hata hizo hazioni foleni. Kwa hiyo mwongozo huu unazifundisha zote mbili, na manuali inatangulia kwa sababu ndiyo inayokuonyesha kinachotokea chini ya miguu yako.

Hatua ya 1: Tambua giabox uliyopewa

Lori lisilo na pedali ya klachi linaweza kuwa na kitu kimoja kati ya viwili, na vinatofautiana sana. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo imejaa kwenye malori ya masafa marefu, ni giabox ya manuali iliyofungiwa vifaa vya upepo na kompyuta. Klachi ipo, na sahani yake ni ile ile inayoweza kuungua, ila inayoikanyaga ni silinda ya upepo badala ya mguu wako. I-Shift ya Volvo, iliyotoka mwaka 2001, ni ya aina hii, pamoja na Opticruise ya Scania, PowerShift ya Mercedes-Benz na TraXon ya ZF. Nyingi zina gia 12.

Aina ya pili ni otomatiki kamili yenye torki konvata, kama zile za Allison. Hapo wakati wa kuondoka nguvu ya injini inapita kwenye mafuta ya ndani ya torki konvata kabla ya kufika kwenye giabox, hakuna sahani ya kusuguana. Utaikuta zaidi kwenye magari ya zimamoto, magari ya taka na mabasi ya mjini, kazi za kusimama na kuondoka kutwa nzima. Ukijua lako ni la aina ipi, utajua kosa gani litakugharimu. Hilo tutalifikia.

Manuali nazo zina makundi mawili. Giabox nyingi za Ulaya zina sinkronaiza, yaani pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaumana. Nyingi za Marekani, hasa Eaton Fuller za gia 9, 10, 13 na 18, hazina sinkronaiza kwenye gia kuu. Kusawazisha ni kazi yako na ya sikio lako. Kabla hujawasha, soma mchoro wa gia uliobandikwa kwenye deshibodi au juu ya leva. Ukikuta umefutika, muulize aliyelitumia kabla yako. Usibahatishe.

Hatua ya 2: Tazama leseni inasema nini

Hili halihitaji maneno mengi, lakini limewafungia watu milango. Katika nchi nyingi, ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki leseni yako inawekewa kizuizi. Marekani inaandikwa herufi E kwenye leseni ya magari ya biashara, na kuiondoa kunahitaji kufanya tena mtihani wa vitendo kwa gari la manuali. Ulaya kizuizi hicho ni namba 78. Zipo nchi zilizolegeza: Uingereza, aliyekwisha kuwa na leseni ya gari dogo la manuali anaweza kutahiniwa kwenye lori la otomatiki bila kufungiwa manuali.

Uliza sheria ya mahali ulipo kabla ya kulipa ada ya chuo. Kama kuna kizuizi na una uwezo wa kusubiri wiki chache zaidi, fanya mtihani kwa manuali. Ukishaipata leseni hiyo, otomatiki unaiendesha bila kuulizwa. Kinyume chake hakiwezekani.

Hatua ya 3: Jifunze leva injini ikiwa imezimwa

Giabox ya gia 16 haina nafasi 16 za kuingizia gia. Ina nafasi 4, halafu hi-lo inazizidisha mara mbili, kisha nusu inazizidisha tena mara mbili. Nne, nane, kumi na sita. Hi-lo ni kundi la chini na kundi la juu. Nusu ni kile kiswichi kidogo kwenye kichwa cha leva kinachoigawa kila gia kuwa nzito (ya mwendo mdogo) na nyepesi (ya mwendo mkubwa). Ukilielewa hilo, woga wote unapungua.

Kaa kwenye kiti, handibreki imevutwa, mitungi ina upepo, injini imezimwa. Kanyaga klachi na pitia gia zote moja baada ya nyingine ukizitaja kwa sauti. Kwenye baadhi ya giabox za Ulaya njia za kundi la chini na la juu zimekaa ubavuni mwa nyingine: leva ikiwa katikati inatulia yenyewe kwenye mstari wa gia ya 3 na ya 4. Ukitaka kwenda ya 5 unaipiga kwa kiganja kuelekea kulia, unasikia ukinzani kisha upepo unapuliza "pshii", na sasa leva inatulia kwenye mstari wa 5 na 6. Mgeni huisukuma kwa vidole kwa woga, haivuki, anajikuta amerudi ya 3 wakati anataka ya 5, na injini inapiga kelele. Kiganja, pigo moja, subiri upepo, ndipo uingize gia.

Kwenye zenye kiswichi cha kuinua, kiinue ukiwa bado kwenye gia ya mwisho ya kundi la chini, kabla hujaitoa leva. Giabox itabadili kundi yenyewe leva ikipita katikati. Usicheze na hi-lo gari likiwa frii, yaani bila gia, na linatembea, na usiiguse ukiwa kwenye rivasi inayosogea.

Jambo moja zaidi: hi-lo na nusu hufanya kazi kwa upepo. Lori lililolala usiku kucha likapoteza upepo litakugomea gia asubuhi, na si bovu. Liache lijaze mitungi.

Hatua ya 4: Kuondoka, kupandisha, kushusha

Ondoka kwa gia ambayo hulazimiki kuongeza mafuta ndipo gari lisogee. Injini kubwa ya dizeli ina nguvu ya kutosha ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa. Ukiona unakanyaga mafuta huku klachi iko nusu, gia uliyochagua ni nyepesi mno. Lori tupu linaweza kuanzia ya 2 au ya 3. Lenye mzigo kamili mlimani linaanzia ya chini kabisa, na hakuna aibu.

Kupandisha gia ni hesabu ya mizunguko. Kwenye giabox ya gia 16, kupanda nusu moja hushusha injini kwa takriban moja ya sita: ukiwa mizunguko 1500 kwa dakika utatua karibu 1250. Kupanda gia nzima kutakushusha hadi karibu 1050. Hapo ndipo unaona nusu inafaa wapi. Kwenye tambarare unaruka gia nzima na injini inatua palipo na nguvu bado. Mlimani na mzigo, ukiruka gia nzima injini inatua chini mno, lori linapunguza mwendo wakati unabadili, na unalazimika kushusha tena. Panda kwa nusu.

Kwa giabox isiyo na sinkronaiza, klachi hupigwa mara mbili. Kupandisha kunakwenda hivi:

1. Achia mafuta, kanyaga klachi kidogo, toa gia hadi frii.
2. Achia klachi. Sikiliza injini ikishuka.
3. Ikifika mizunguko ya gia inayofuata, kanyaga klachi tena, ingiza gia.
4. Achia klachi, rudisha mafuta.

Kushusha ni hivyo hivyo, isipokuwa katikati, klachi ikiwa imeachiwa na leva iko frii, unapandisha mizunguko kwa mafuta badala ya kuisubiri ishuke. Wengi wanakwama hapa. Wanashusha gia wakati lori bado lina kasi kubwa, wanalazimika kupandisha injini hadi mwisho, gia inakataa, na sasa wako frii na lori linatembea. Punguza kasi kwa breki kwanza, ndipo ushushe gia. Ikikukatalia, usiing'ang'anize, irudishe ile uliyotoka, au tafuta inayolingana na kasi uliyonayo.

Nimesema "kanyaga kidogo" makusudi. Kwenye giabox hizi za Marekani, mwisho kabisa wa pedali kuna breki ya klachi, inayosimamisha shafti ya kuingia kwenye giabox ili uweze kuingiza ya 1 au rivasi gari likiwa limesimama. Ukiikanyaga hadi chini kila unapobadili gia barabarani, utaimaliza. Siku itakapokwisha, kila ukitaka rivasi gia italia.

Madereva wa siku nyingi hubadili gia bila klachi kabisa. Kwenye giabox isiyo na sinkronaiza inawezekana kwa aliyezoea, ingawa kwenye mtihani unaweza kufelishwa. Kwenye yenye sinkronaiza achana nayo. Unazila zile pete.

Na mguu wa kushoto ukae sakafuni. Ukiupumzisha juu ya pedali unaibana klachi bila kujua.

Hatua ya 5: Otomatiki, na jinsi watu wanavyoiunguza

Sasa turudi kwenye ile tofauti ya hatua ya kwanza. Lori la klachi inayoendeshwa na kompyuta halipendi kushikiliwa mlimani kwa mafuta. Foleni imesimama kwenye kilima, dereva anagusa mafuta kidogo ili lori lisirudi nyuma, anakaa hivyo akisubiri. Anafikiri lori limesimama tu. Chini huko sahani inasuguana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, huku tani zote zikiielemea, na dakika chache zinatosha kutoa harufu ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Mengi huonya kwenye deshibodi kwamba klachi imepata moto. Onyo hilo si la kusoma na kuendelea. Simama, vuta handibreki, weka frii, acha injini iwake ipoze.

Njia sahihi ni breki. Shikilia lori kwa breki ya mguu au kwa kile kifaa cha kuzuia kurudi nyuma mlimani kama lipo nacho, subiri nafasi ya kutosha mbele, kisha ondoka kwa mafuta yenye uhakika ili klachi ishike na kumaliza kazi yake upesi. Kwenye foleni ya kusogea hatua mbili mbili, acha nafasi, halafu songa kwa mkupuo mmoja badala ya vipande kumi.

Kurudi nyuma kwenye trela nako kunataka utulivu. Tumia gia ya chini kabisa ya rivasi au hali ya kujongea kama ipo, na kasi uidhibiti kwa breki. Kumbuka kuna kuchelewa kidogo kati ya mguu wako na lori, kwa sababu kompyuta inafunga klachi kwa wakati wake. Mgeni huona halisogei, anaongeza mafuta, linaruka. Gusa, subiri, liache lijishike.

Halafu jifunze kitufe cha manuali. Karibu kila otomatiki ya lori inakuruhusu kushika gia mwenyewe, na mtu asiyewahi kukigusa kitufe hicho ameijua nusu ya gari lake. Unakihitaji kabla ya kupanda mlima mkali, maana ukishusha gia moja mapema lori halipotezi mwendo likitafuta gia katikati ya mlima. Unakihitaji kwenye tope. Zaidi ya yote unakihitaji kwenye mteremko.

Hatua ya 6: Mteremko

Hapa soma taratibu, maana kwenye hatua nyingine ukikosea unalipa vyuma tu.

Lori la tani 40 kwenye mteremko wa asilimia 6, likishuka kwa kilomita 60 kwa saa, linasukumwa na uzito wake kwa nguvu ya karibu kilowati 390. Hizo ni zaidi ya farasi 500, kama injini nzima ya lori kubwa inayokusukuma kutoka nyuma. Sehemu ndogo inaliwa na upepo na matairi. Inayobaki lazima iende kwenye injini breki (injini yenyewe ikizuia mwendo), kwenye ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila kugusa breki za magurudumu), au kwenye breki za magurudumu kama joto. Shuka kwa kilomita 30 kwa saa na nguvu hiyo inapungua hadi nusu. Ndiyo maana kasi ya kuanzia ndiyo inayoamua kila kitu.

Breki za ngoma zikipata moto, ngoma inatanuka na kukikimbia kiatu cha breki, na kiatu chenyewe kinapoteza mshiko. Unakanyaga, pedali inakubali, lori halisikii.

Kwa hiyo: shusha kasi na uchague gia kabla ya kuanza kuteremka, juu kabisa, ukiwa bado unatawala. Ule usemi wa kushuka kwa gia uliyopandia ulifaa malori ya zamani. Injini za sasa zina nguvu na zinapanda kwa gia nyepesi, hivyo huenda ukahitaji kushuka kwa gia nzito kuliko uliyopandia. Washa injini breki au egzosti breki, ile inayoziba njia ya moshi ili injini izuie mwendo. Kumbuka inashika vizuri mizunguko ikiwa juu, kinyume cha kuvuta mzigo; ukishuka na injini iko 1200 huku ukilalamika haishiki, tatizo ni gia. Usivuke tu alama nyekundu. Barabara ikiwa na utelezi na trela likiwa tupu, ipunguze au izime, kwa sababu inabana magurudumu ya kuvuta peke yake na inaweza kuyatelezesha.

Gia ikiwa sahihi, breki ya mguu inakuwa msaidizi. Chagua kasi salama. Lori likifikia kasi hiyo, kanyaga kwa uthabiti hadi lipungue kama kilomita 8 kwa saa, achia kabisa, liache lipande tena hadi pale, rudia. Usiiburuze breki kwa kuigusa gusa mteremko mzima.

Kwenye manuali, ukiwa katikati ya mteremko na umekosea gia, usijaribu kuibadili. Utaitoa, hutaweza kuiingiza nyingine, na utakuwa frii na tani 40. Punguza kwa breki mapema uwezavyo na utafute mahali pa kusimama. Kwenye otomatiki, weka manuali kabla ya kushuka, maana baadhi hupandisha gia zenyewe zikiona mizunguko inazidi: kompyuta inailinda injini, na wewe unapoteza mshiko uliokuwa unautegemea.

Kuteremka frii ili kubana mafuta ni kujitafutia. Injini ya dizeli ya kisasa ikiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta haiingizi dizeli, kwa hiyo kwenye mteremko mkali hata huo ubanaji haupo. Utaona otomatiki nyingine zikienda frii zenyewe kwenye miteremko midogo. Hizo zinapima kasi muda wote na zinarudisha gia mara moja ukigusa breki. Si ruhusa ya kufanya hivyo kwa mkono.

Hatua ya 7: Ukikwama au ukiharibikiwa

Kwenye tope, manuali inakupa uhuru wa kulibembeleza lori mbele na nyuma kwa klachi. Otomatiki inahitaji maandalizi: weka gia kwa mkono, funga difu loki (kifungio kinachoyalazimisha magurudumu ya kuvuta yazunguke pamoja) kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka bure, na zima kifaa cha kuzuia utelezi kama kinakata nguvu ya injini. Baadhi zina hali maalumu ya kujinasua; itafute kwenye kitabu cha gari siku ambayo hujakwama.

Manuali huharibika kwa kukutangulizia dalili. Gia inakuwa nzito, klachi inateleza, servo ya klachi (kisaidizi cha upepo cha pedali) inavuja, na mara nyingi unaweza kujikokota hadi kwa fundi. Otomatiki inaweza kufanya kazi vizuri leo na kesho ikagoma kwa sababu ya senza moja au waya ulioliwa na kutu. Kabla ya kumpigia fundi, tazama geji ya upepo, kisha zima kabisa, subiri kompyuta ilale, washa upya. Andika namba ya hitilafu inayotokea, fundi atakushukuru.

Lori likivutwa, propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giabox hadi ekseli) ifunguliwe au shafti za ekseli zichomolewe, liwe manuali au otomatiki. Injini ikiwa imezimwa, sehemu kubwa ya giabox haipati mafuta ya kulainisha, na magurudumu yakiizungusha kwa safari ndefu utafika na giabox iliyoungua. Kuweka frii pekee hakutoshi.

Hatua ya 8: Kuchagua na kuhama

Kama kazi unayoipata ni ya mjini yenye foleni na kusimama kila mara, au safari ndefu za lami na makampuni ya sasa, otomatiki itakutunza. Utakuwa na macho zaidi kwa vioo na pikipiki, na mwaka wa kwanza hilo lina thamani kubwa kuliko fahari ya kubadili gia vizuri. Kazi za machimbo, mashambani na magari ya zamani bado zinataka manuali, na mwenye gari hatakufundisha mlimani.

Anayehama kutoka manuali kwenda otomatiki aangalie mguu wa kushoto: ukitafuta klachi unaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote. Uweke nyuma, karibu na kiti, siku chache za mwanzo. Anayehama kwenda manuali aombe uwanja mtupu na lori tupu, afanye kushusha gia mara nyingi kuliko kupandisha, kisha atoke barabarani na mwenye uzoefu kabla ya kupewa mzigo.

Na siku ya kukabidhiwa funguo, uliza maswali manne: giabox ni aina gani, klachi ilibadilishwa lini, injini breki inafanya kazi, na lori lina tabia gani ya kugoma. Kisha jaribu injini breki mwenyewe kwenye tambarare kabla ya kutoka getini na mzigo.